Mrama Si Kuzama

Hapa Manzese hatuoni tanga, lakini lugha ya jahazi tunayo. Dereva wa Barabara ya Morogoro hushika usukani, neno lililopanda garini kutoka chomboni, na limekaa vizuri. Ugomvi wangu ni juu ya "kwenda mrama". Waandishi wetu wengi hulibandika kwa kila lililokwisha haribika. Methali yasema: manahodha wengi, chombo huenda mrama, yaani huyumba, hulalia huku na huku. Hakijazama! Sasa fundi cherehani akisema kazi yake imekwenda mrama, jirani husikia tanzia, na wadai huja kubeba cherehani. Baharini, hapo ndipo shehena hupangwa upya na usukani huachiwa mtu mmoja.