Kufungua Tangi la Pikipiki: Maoni Juu ya Tafsiri Moja ya Maelekezo

Ofisi yetu ililetewa na mwalimu mmoja wa Ujiji karatasi ya maelekezo ya utunzaji wa pikipiki, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na kutolewa pamoja na chombo chenyewe. Mwalimu huyo hakulalamikia sarufi. Alichokilalamikia ni kwamba, kwa kuifuata karatasi hiyo uani kwake, alimwaga petroli juu ya injini ambayo ilikuwa ingali na joto. Tumeisoma pamoja na fundi mmoja wa Mwanga, mjini Kigoma, naye akiwa na spana mkononi.

Kazi yenyewe si ngumu. Ili kukagua vali na nyaya zilizo chini ya tangi, katika pikipiki nyingi sharti tangi liinuliwe. Injini huachwa ipoe, kiti hutolewa, koki hufungwa, mpira wa mafuta huchomolewa, na waya wa geji, kama upo, huachanishwa. Kisha bolti ya nyuma hutolewa, tangi likainuliwa upande wa nyuma na kuvutwa kinyumenyume. Maana kwa mbele aghalabu halikufungwa kwa bolti, bali limekalia raba mbili zilizo ubavuni mwa fremu. Anayelivuta wima atahangaika bure.

Mfasiri amezikusanya hatua hizo karibu zote katika maneno mawili: "fungua tangi". Baada ya hapo anaagiza liinuliwe nyuma. Sasa, gerejini kufungua ni kulegeza bolti na kukitoa kitu mahali pake: fundi hufungua injini, hufungua gurudumu, na jioni huvifunga. Nyumbani kufungua tangi ni kutoa kifuniko. Mwalimu alitoa kifuniko, akainua nyuma kama alivyoagizwa, na tangi lilikuwa limejaa. Hakukosea Kiswahili. Wala fundi hakosei. Aliyekosea ni mfasiri, aliyelichukua neno la gerejini na kumpa mtu asiyewahi kukaa gerejini.

Kinyume chake kina utata zaidi. Karatasi hiyo hiyo yasema "funga koki", "funga bolti" na "funga tangi", yaani kuziba, kukaza, na kurudisha mahali pake, kwa kitenzi kimoja. Sisi tungependekeza "fungua" na "funga" viachiwe koki na kifuniko. Bolti ilegezwe na kukazwa. Tangi litolewe na kurudishwa. Tulifikiria pia "ng'oa", lakini fundi alilikataa papo hapo: kwake king'olewacho kimeshindikana kutoka kwa njia njema. Alituambia vilevile kwamba wanafunzi wake hawataacha kusema "fungua tangi". Na waseme. Gerejini mkono wa fundi huonyesha kile ambacho neno halikisemi, lakini karatasi haina mkono.

Neno la pili ni "mafuta". Katika mkoa wa Kigoma, nchi ya michikichi, neno hilo peke yake jikoni huweza kuwa mawese. Kwenye taa ni mafuta ya taa. Barabarani ni petroli. Hayo hayana madhara, kwani mahali hutosha kueleza. Lakini karatasi inaagiza "angalia mafuta" mara mbili, mara ya kwanza ikikusudia petroli na ya pili oili ya injini. Msomaji mwenye tangi lililojaa atajiona ametimiza yote mawili, na injini itakosa oili mpaka pistoni ikwame. Petroli na oili ni maneno yaliyokwisha kuenea; kuyakwepa kwa kudhani kwamba "mafuta" ni Kiswahili zaidi si usanifu.

Lawama nyingine ni yetu sisi tunaosanifu istilahi. Mpira wa mafuta umeitwa "neli". Neno hilo linafaa sana katika maabara ya shule, na mwalimu alilijua. Fundi hakulijua, na dukani akiombwa neli ya koki muuza vipuri atauliza ni kitu gani.

Iko pia habari ya ng'ambo. Bandari ya Kigoma hupeleka bidhaa Kalemie, Uvira na Bujumbura, na karatasi za Kiswahili huvuka pamoja na bidhaa hizo. Upande wa Kongo wengi huiita pikipiki "moto", kutokana na Kifaransa, na petroli "esansi". Basi onyo la kuweka tangi mbali na moto laweza kusomwa Kalemie kuwa tangi likishatolewa liwekwe mbali na pikipiki! Tulicheka, kisha tukaandika upya: "mbali na jiko, koroboi, sigara, na kitu cho chote kinachowaka". Sentensi imerefuka, nasi hatuoni hasara.

Onyo hilo, katika karatasi tuliyoletewa, limechapwa nyuma, chini kabisa, baada ya anwani ya muuzaji. Mwalimu alilisoma siku ya pili. Jiko la mkaa la nyumba ya jirani lilikuwa hatua kumi kutoka pale alipomwaga petroli.