Hamu, Kushi na neno «lakini»: Weusi katika Biblia ya Kiswahili

Katika mahubiri na hata katika mijadala ya wasomi, suala la asili ya Mwafrika katika Maandiko huletwa karibu daima kwa njia moja, nayo ni nasaba. Mmoja hudai kwamba sisi ni wana wa Hamu, na kwamba taabu zetu zimetokana na laana ya Nuhu. Mwingine, akitaka kumjibu, hukubali vilevile kwamba sisi ni wana wa Hamu, ila huongeza kwamba Hamu ndiye baba wa Misri na Kushi, na kwa hiyo heshima yetu ni ya kale kuliko ya wengine. Wawili hawa hudhani kwamba wanapingana. Kwa maoni yetu wameketi juu ya mkeka mmoja, na mkeka wenyewe umeoza.

Tuanze na matini. Katika Mwanzo, sura ya 9, Hamu ndiye aliyeuona uchi wa baba yake, lakini anayelaaniwa ni Kanaani. Sura ya 10 inawataja wana wanne wa Hamu: Kushi, Misri, Putu na Kanaani. Watatu wa kwanza hawaguswi na laana hata kidogo, na rangi ya ngozi haitajwi popote katika sura hizo mbili. Msomaji yeyote wa Kiswahili anaweza kulihakikisha jambo hili kwa dakika chache, bila Kiebrania wala kamusi. Kwamba watu wengi hawalihakikishi kunaonyesha jinsi hadithi iliyosikika inavyoweza kuishinda hadithi iliyoandikwa.

Jina la Hamu lilisafiri mbali baada ya hapo. Kwa karne nyingi lilitumiwa kuhalalisha utumwa wa watu weusi. Kisha, katika karne ya 19, likageuzwa. John Hanning Speke, katika kitabu chake cha safari cha 1863, anamtaja Mwafrika mweusi kuwa mtoto wa Hamu aliyelaaniwa. Lakini katika kitabu hichohicho anadai kwamba watawala wa falme za Maziwa Makuu walitoka Ethiopia na ni wa damu nyingine, mchanganyiko wa Shemu na Hamu. C. G. Seligman, mwaka 1930, alikamilisha mageuzi hayo: kwake «Wahamiti» ni tawi la watu weupe, nao ndio walioleta ustaarabu barani. Yaani jina lililokuwa kosa la mweusi likawa sifa ya mweupe, bila neno moja la Mwanzo kubadilika.

Isimu nayo haina mikono safi. Mwaka 1912 Carl Meinhof alichapa kitabu juu ya lugha za «Wahamiti», akiziweka pamoja Kifulani, Kinama na Kimasai, lugha ambazo ujamaa wake haukuthibitika. Joseph Greenberg, hasa katika kazi yake ya 1963, alilivunja kundi hilo na kulitupa jina lenyewe. Ushahidi mmoja ungetosha kwa eneo letu: Kinyarwanda na Kirundi ni lugha za Kibantu kwa Mhutu, kwa Mtutsi na kwa Mtwa bila tofauti.

Ila ushahidi wa wataalamu haukufika barazani. Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, Rwanda, Léon Mugesera aliwaambia wasikilizaji wake kwamba Watutsi watarudishwa Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Mwaka 1994 mto huo ulibeba maiti. Na hapa kwetu, mashariki ya Kongo, neno «Wahamiti» halijafa. Bado hutumiwa kumwambia jirani kwamba si mwenyeji. Ndiyo sababu tunasita mbele ya kila hoja inayotafuta heshima ya mweusi katika orodha ya vizazi, hata hoja yenye nia njema. Chombo kinachompa mmoja asili kinaweza kumnyang'anya mwingine nchi.

Je, Maandiko hayana basi lolote kwetu? Yanalo, ila katika masimulizi zaidi kuliko katika nasaba. Biblia ya Union Version (1952) ilifanya vema kuhifadhi majina «Kushi» na «Mkushi», kwa sababu Kushi ya manabii ni nchi ya Naili kusini ya Misri, katika Sudan ya leo. Tafsiri ya Kigiriki ya kale iliandika mara nyingi «Aithiopia», na tafsiri zinazoifuata humpeleka msomaji wa leo Addis Ababa, ilhali Kandake wa Matendo, sura ya 8, ni cheo cha malkia wa Meroe.

Msomaji na afungue Yeremia 38. Nabii ametupwa shimoni, anazama katika matope, na wakuu wa Yerusalemu wameridhika. Anayekwenda kwa mfalme kumtetea ni Ebedmeleki Mkushi. Anapewa watu thelathini, anachukua kamba, lakini kwanza anapita ghalani kuokota matambara na nguo kuukuu, ili nabii aziweke makwapani kamba zisimchubue. Mwandishi hakulazimika kutueleza habari za matambara, amezieleza. Wala hakulazimika kurudia neno «Mkushi» katika habari hiyo, lakini amelirudia, na katika sura ya 39, mgeni huyo anapoahidiwa uhai, neno hilo linatajwa tena. Hatuambiwi baba yake ni nani. Hata jina lake lina maana ya «mtumishi wa mfalme» tu. Utu wake wote umo katika alichokitenda.

Mahali ambapo tafsiri ya 1952 inatuudhi ni Wimbo Ulio Bora 1:5. Mwanamke anajitaja kuwa mweusi, kisha anautaja uzuri wake, na kati ya sifa hizo mbili mtafsiri ameweka «lakini». Kiunganishi cha Kiebrania hapo huweza kubeba «na» au «lakini»; Wagiriki walichagua kai, yaani «na», Walatini wakachagua sed, na Kiswahili kikafuata njia ya Kilatini. Tena mtafsiri ameandika «mweusi-mweusi». Urudufishaji wa kivumishi katika Kiswahili mara nyingi hupunguza nguvu yake, kana kwamba mwanamke anaomba radhi nusunusu. Kiebrania kina umbo la kurudufisha pia, lakini limo katika aya ya 6, anapoeleza kwamba jua limemchoma. Katika aya ya 5 neno ni zima, halina punguzo.

Tusivuke mpaka kwa upande wetu pia. Mwanamke huyo haitwi Mkushi. Weusi wake ni wa kazi ya shamba la mizabibu, na anaufananisha na hema za Kedari, ambazo ni za Waarabu wa jangwani. Wanaomfanya malkia wa Kiafrika wanarudi kwenye mkeka uleule. Tunachodai ni kidogo zaidi: katika chapa itakayofuata, aya ya 5 iwe na «mweusi» mara moja, na baada yake «na».