Uanagenzi wa Utingo

Miongoni mwa kazi ambazo mtu huweza kuzisomea kitambo kirefu kabla ya kuzitia mkononi, sioni inayostahiki sifa kuliko udereva. Na katika Afrika ya Mashariki sijui mahali panapomfunza mwanagenzi, hali hajagusa usukani, kuliko Kuluba, katika wilaya ya Koboko, ambako barabara ya lami ya kilomita 92 hivi, itokayo Vurra kwenye mpaka wa Kongo na kupita Arua na mji wa Koboko, hukoma Oraba, ikiukabili mji wa Kaya wa Sudan Kusini.

Ajabu ya njia hii ni kwamba ncha zake zote mbili hukutana na watu washikao mkono wa kulia. Uganda, kwa urithi wa Waingereza, hushika kushoto. Kongo, kwa urithi wa Wabelgiji, hushika kulia. Nayo Sudan, iliyokuwa ikishika kushoto kama Uganda, ilihamia kulia mwaka 1973, na Sudan Kusini ilipojitenga mwaka 2011 haikuona haja ya kurejea. Basi kijana wa Kikakwa, mwenye jamaa katika nchi zote tatu, hukua akijua kwamba upande wa barabara si jambo la maumbile, bali ni mapatano ya wanadamu, ambayo huku ni halali na hatua chache mbele ni hatari. Mwenziwe wa Kampala hulisoma jambo hilo katika kitabu cha sheria za barabarani, akalikariri kwa ajili ya mtihani, akalisahau.

Lakini mwanagenzi nimpendaye zaidi ni utingo. Watu humdharau kwa sababu ya nguo zake zenye oili na usingizi wake juu ya magunia, ilhali ndiye aamkaye kabla ya alfajiri kutazama maji ya rejeta, kugonga tairi moja moja na kusikiliza iliyopungua upepo, kukaza kamba za turubali, na kushuka mbio na kabari lori linaposita mlimani. Kwa muda wa miaka hujifunza kusikia: akiwa amefumba macho hujua kwa mngurumo wa injini kwamba dereva amechelewa kupangua gia, na moyoni humlaumu kwa adabu. Hivyo ndivyo manahodha wa pwani walivyopatikana, katika watoto waliokuwa wakiteka maji ya ngamani.

Tena lori likivuka Oraba, cheo cha utingo hupanda ghafla. Usukani wa magari ya Uganda uko kulia. Na kule ng’ambo, gari likishika kulia, dereva hujikuta ameketi ukingoni mwa njia, hawezi kuona kinachokuja mbele ya gari lililomtangulia. Aketiye upande wa katikati ya barabara ni utingo. Yeye ndiye achunguliaye na kusema “bado”, au “twende”, na kwa neno lake tani kadhaa za mzigo na roho za watu hutoka kulipita gari la mbele. Je, mtu aliyekwisha kupewa amana kama hiyo atasemwa kwamba hajui kuendesha?

Asiye na bahati ya lori na aombe kiti cha mbele katika matatu ya Arua kwenda Koboko, asishughulike na maneno ya abiria, bali atazame: ni lini dereva huangalia kioo, bodaboda gani ataitilia shaka, mbuzi yupi atavuka. Akiona kwamba unyayo wake mwenyewe unakanyaga sakafu kabla ya breki ya dereva, ajue kwamba hadhari imeanza kumwingia, na huo si wakati wa kukimbilia usukani wa jamaa yake, kwa kuwa sheria humtaka mwanagenzi awe na kibali chake, na herufi ya L mbele na nyuma ya gari, na mjuzi kando yake.

Limebaki jambo moja ambalo macho hayalipati, nalo ni klachi. Hata utingo mkongwe, siku ya kwanza, gari humzimikia kwa aibu mbele ya watoto, kwani mahali klachi inaposhika hapaonekani, na kila gari lina pake. Hapo ndipo mwalimu anapostahiki ujira wake.