Vuta Nyasi Kabla ya Kununua Dawa

Nyasi za uani zikianza kugeuka manjano, watu wengi mjini Nakuru hukimbilia duka la agroveti kuuliza dawa ya wadudu, na hawaondoki bila chupa. Lakini kabla ya kutoa pesa ungejiuliza mdudu huyo anakula wapi: jani, au mzizi? Hilo ndilo linaloamua kama kuna haja ya dawa hata kidogo.

Kwanza tumwondolee mdudu lawama zisizo zake. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, kwenye udongo wa majivu ya volkano unaopitisha maji haraka. Kiangazi cha Januari na Februari nyasi za Milimani au Kiamunyi hukauka bila kuguswa na kiumbe chochote. Ukame huanzia penye mwinuko na kando ya saruji, na nyasi ulizozishika konzi moja na kuzivuta hubaki zimeng'ang'ania ardhi.

Zikinyanyuka kama mkeka, mizizi imekatwa. Chimba mraba wa sentimita 30 kila upande, uende chini sentimita 10 hivi, uchambue udongo kwa vidole. Mkataji mara nyingi ni buu la mbawakawa: jeupe, limejikunja, kichwa cha kahawia. Mawili matatu yasikutishe, nyasi zenye afya huyastahimili. Wataalamu wa nyasi huanza kufikiria dawa yakifika kati ya 5 na 10 katika mraba kama huo. Kwarara wakishinda uani wakidunga ardhi kwa midomo yao mirefu, usiwafukuze. Mashimo yao ni madogo, na wanakula kilekile unachotaka kukiua.

Viwavijeshi ni kesi nyingine kabisa. Nondo wao huja na pepo za mvua, na katika Bonde la Ufa msimu wa kuwahofia ni ule wa mvua za masika. Kiwavi hupitia hatua 6 za ukuaji, na katika hatua ya mwisho peke yake hula kuliko zote zilizotangulia zikijumlishwa. Ndiyo maana mtu hulala na nyasi, siku mbili tatu baadaye akakuta vijiti. Wakiwa wachanga ni wa kijani na hawaonekani kirahisi. Kuwafichua, koroga vijiko viwili vikubwa vya sabuni ya kuoshea vyombo katika lita 5 za maji, umwagie mita moja ya mraba na usubiri dakika 10. Waliomo watapanda juu.

Hapa pareto ina kazi, na Nakuru ndiko inakosindikwa, maua yakitoka Molo na Elburgon. Sumu yake humwangusha kiwavi akiguswa tu, ila huvunjwa upesi na jua, hivyo anayenyunyizia saa sita mchana ametupa pesa. Nyunyiza jioni, nyuki wakisharudi mzingani, na mvua isiwe karibu, kwa maana maji yakiibeba hadi kwenye bwawa samaki hufa. Dawa ya bakteria aina ya Bt ni salama zaidi, lakini inawafaa viwavi wadogo tu. Na hakuna hata moja kati ya hizi mbili itakayolifikia buu lililo chini ya mizizi. Kule minyoo wa kuua wadudu, wale wa nematodi, hufanya vizuri zaidi, mradi udongo uloweshwe kabla na baada.

Ukifika na kukuta majani yameisha na viwavi hawapo, wameshaingia ardhini kugeuka nondo, nao watahama. Kupulizia wakati huo ni upuuzi. Nyasi za kikuyu ni wenyeji wa nyanda hizi za juu na zina mashina yanayotambaa juu na chini ya udongo. Zipe maji na mbolea ya naitrojeni, zitachipua.

Tahadhari moja kwa wanaofuga: New Zealand na Afrika Kusini ng'ombe wamewahi kufa kwa kula nyasi za kikuyu zilizoshambuliwa na viwavi. Basi usifunge ng'ombe wala mbuzi kwenye ua uliotoka kuliwa, na nyasi zilizopuliziwa dawa usiwakatie mpaka muda ulioandikwa kwenye chupa upite.