Mzunguko wa mpira mweupe kwenye meza ya sarafu

Kwenye meza nyingi za pool za kuingiza sarafu, za aina inayochezewa Milola na senta nyingine za mkoa wa Lindi, mpira mweupe ni mdogo kuliko mingine. Mipira ya rangi ina kipenyo cha milimita 51 hivi, mweupe 48, ili meza iutambue ukitumbukia na kuurudisha kwa wachezaji. Kwa tofauti hiyo mweupe unapungukiwa takriban asilimia 18 ya uzito, na pigo linalofundishwa kwa mipira iliyo sawa hapa halitoi jibu lilelile.

Mpira ukipigwa katikati kabisa huanza kwa kuteleza juu ya kitambaa. Msuguano huuzungusha kidogo kidogo mpaka ubingirike, na wakati huo umebakiwa na 5/7 ya kasi ya mwanzo. Mfaransa Coriolis alichapisha hesabu za namna hii mwaka 1835, baada ya ncha ya fimbo kuanza kuvikwa ngozi. Ngozi na chaki ndizo zinazoiwezesha fimbo kushika mbali na katikati. Hata hivyo, ikivuka nusu ya njia kutoka katikati hadi ukingoni mwa mpira, huteleza.

Pigo linaloonyesha vizuri tofauti ya meza hii ni la kusimamisha. Mipira ikiwa na uzito sawa, mweupe unaofika ukiteleza bila mzunguko na kugonga uso kwa uso husimama palepale. Mweupe mwepesi hauwezi: hurushwa nyuma kidogo. Kwa hiyo mpira lengwa ukiwa karibu, mchezaji hugusa juu kidogo ya katikati, ili mzunguko wa mbele ufute kule kurudi. Anayetaka mweupe urudi hupiga chini, na wepesi wake unamsaidia. Hapa nguvu nyingi ni hasara, kwani mweupe hurudi kupita kiasi, mara nyingi hadi kwenye tundu la nyuma yake.

Pigo la ubavuni ni gumu zaidi. Fimbo ikigusa kushoto, mweupe huchepuka kidogo kulia tangu unapoondoka, tena mwepesi huchepuka zaidi. Ukifika, huusukuma mpira lengwa kulia kidogo. Ukigonga ukingo moja kwa moja, hurudi ukielekea kushoto. Asiyezifidia hatua zote hizo hukosa tundu akidhani amelenga vibaya. Ubavu unafaa pale tu nafasi ya pigo linalofuata inapoudai.

Kitambaa nacho kina kauli. Unyevu wa masika huongeza msuguano, hivyo mzunguko wa kurudi huisha mapema zaidi njiani. Mpira ulio mbali hudai kupigwa chini zaidi au kwa kasi kubwa. Ulio karibu hauathiriki sana.