Sauti na Uso: Juanita Hall na Nafasi ya Mhusika Mdogo

Katika kuhakiki michezo ya kuigiza tumezoea kumtazama mhusika mkuu, na wahusika wadogo tukawapita haraka, kana kwamba wamewekwa jukwaani kujaza nafasi tu. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Katika makala haya tutamtazama Juanita Hall (1901–1968), mwigizaji Mweusi wa Marekani ambaye hakupata kuwa nyota, ili tuone uzito wa kazi ya mhusika mdogo na jinsi kazi hiyo inavyoweza kudhulumiwa.

Hall alizaliwa Keyport, New Jersey, na kabla ya kujulikana aliimba katika kwaya ya Hall Johnson. Mwaka 1949, umri wake ukikaribia miaka 48, alipewa nafasi ya Bloody Mary katika South Pacific, mchezo wenye nyimbo wa Richard Rodgers na Oscar Hammerstein, ulioonyeshwa New York. Mwaka 1950 akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Tony.

Bloody Mary ni mchuuzi kutoka Tonkin, kaskazini ya Vietnam, anayewauzia askari wa Marekani sketi za nyasi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Watunzi wamempa Kiingereza kilichovunjika ili achekeshe. Hata hivyo, nyuma ya kicheko hicho yumo mama anayemtafutia bintiye maisha. Anapoimba habari za kisiwa cha Bali Ha'i, anamvuta Luteni Cable kuelekea kwa binti huyo, Liat. Cable anampenda Liat, lakini anakataa kumwoa kwa sababu ya ubaguzi aliolelewa nao. Hapo ndipo mchuuzi mchekeshaji anapogeuka mama mwenye hasira. Mwigizaji asiyeutayarisha mgeuko huo tangu mwanzo ataubomoa mchezo wote, kwa kuwa maudhui yake makuu, yaani ubaya wa ubaguzi wa rangi, yanapita katika tumaini la mama huyu.

Mwaka 1958 South Pacific ilifanywa filamu. Hall aliigiza tena nafasi yake, lakini katika nyimbo sauti yake iliondolewa, ikawekwa ya Muriel Smith, mwimbaji mwingine Mweusi aliyewahi kuigiza nafasi hiyohiyo London. Hatusemi kwamba Smith aliimba vibaya. Tunalosema ni kwamba mtazamaji huuona uso wa mmoja na kuisikia pumzi ya mwingine, na kila mmoja wao amepata nusu tu ya haki yake.

Tena tusisahau jambo jingine. Mwanamke huyu Mweusi alisifiwa kwa kuigiza mwanamke wa Asia, na katika Flower Drum Song ya mwaka huohuo wa 1958 akaigiza Mchina. Mchezo uliolaani ubaguzi ulitoka katika nchi iliyomfungulia mlango kwa sharti la kuvaa sura ya taifa jingine. Sifa za watunzi hazifuti kasoro hiyo, wala kasoro hiyo haifuti ufundi wa Hall.

Basi, mwalimu na mwanafunzi wanaposoma tamthilia yoyote, hawana budi kuuliza: mhusika huyu mdogo akiondolewa, ni wazo gani litakaloanguka? Na wanapotazama filamu, waulize pia: sauti hii ni ya nani?