Mwezi Uliolala Chali

Mwezi mchanga wa Kawe hausimami. Unalala chali, pembe zake mbili zikielekea juu, kama dau lililoachwa mchangani maji yakipwa. Nilikuwa nimeuona hivyo tangu utotoni, ila sikuutambua mpaka siku nilipoufuma kwa kroshia na bibi yangu akaukataa.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilikuwa nimepata karatasi ya mchoro iliyotoka nje, yenye mraba wa bluu nzito na hilali nyeupe katikati, imesimama wima, mgongo wake upande wa kulia. Nikaufuata mchoro tundu kwa tundu. Nilipomaliza nikampelekea Bibi barazani, nyumbani kwetu Kawe Ukwamani, Dar es Salaam, nikamwamkia na kumwekea kazi yangu mapajani. Aliipapasa kwanza kwa vidole, kama alivyopapasa kila kitu kilichofumwa, akazisifu pembe. Kisha akaigeuza robo mzunguko, mwezi ukalala. “Sasa ndio mwezi, mjukuu wangu,” akasema. “Ule mwingine sijui wameuona wapi.”

Hakuharibu kitu kwa kuugeuza. Mraba una pande nne zilizo sawa; hauna kichwa wala miguu mpaka mwenye nao aamue. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ninayoipenda kazi hii, na ndiyo inayonifanya nimwambie kila anayetaka kujifunza kroshia aanze na mraba wa mwezi, asianze na sweta wala kofia. Sweta humdai mtu vipimo. Mraba unamdai macho.

Bibi alijifunza kwa kroshia iliyotengenezwa kwa spoku ya baiskeli, iliyokunjwa ncha na kusuguliwa kwenye jiwe mpaka ikaacha kukwaruza uzi. Babu alikuwa mfanyakazi wa Tanganyika Packers, kile kiwanda cha nyama ya kopo ambacho leo watu wanakijua zaidi kwa uwanja wake wa mikutano ya dini. Makochi yetu yalinunuliwa kwa akiba ya muda mrefu, na kila kochi lilivikwa kitambaa cheupe mgongoni na viwili mikononi. Redio ilikuwa na chake, meza ilikuwa na chake, mtungi wa maji ulikuwa na chake chenye shanga pembeni. Vilifuliwa, vikatiwa wanga, vikaanikwa juani hadi vikakakamaa. Siku hizi wapo wanaoviona vitambaa hivyo kuwa ushamba. Nadhani wanakosea. Mtu aliyenunua kochi moja kwa jasho la miaka alikuwa na haki ya kulistahi, na mwanamke aliyekifuma kitambaa kile alikuwa ameweka humo jioni zake zote za msimu mmoja.

Mraba wenyewe Waingereza na Wamarekani huuita mraba wa bibi, na jina hilo limenifurahisha kila mara, kwa sababu kwangu ni kweli tupu. Mwaka 1885 jarida la wakulima la Marekani liitwalo Prairie Farmer lilichapisha maelezo ya namna ya kuufuma. Ulikuwa njia ya kutumia mabaki: vipande vya uzi visivyotosha nguo vilitosha mraba, na miraba mingi iliunganishwa ikawa blanketi. Ireland, baada ya viazi kuoza na njaa kuua watu katika miaka ya 1840, wanawake walifuma lesi kwa kroshia wakaiuza, na familia zao zikapata chakula. Na hata leo, pamoja na mashine zote zinazosuka fulana na sweta viwandani, kroshia ya kweli bado inatoka mkononi. Ukiona kazi ya kroshia dukani, mahali fulani yupo mtu aliyekaa akaifuma.

Sasa kaa nami. Chukua uzi wa pamba, maana joto letu halitaki sufu, na kroshia ya milimita 3.5 au 4 kama uzi ni mnene. Rangi mbili zinatosha kwa kuanzia: nyeupe ya maziwa na bluu ya usiku. Zungusha uzi mweupe kidoleni upate kitanzi kinachoweza kukazwa, kisha ndani yake fuma nguzo 12. Nguzo ni neno la Bibi. Unazungusha uzi mara moja kwenye kroshia, unaichomeka tunduni, unavuta kitanzi. Sasa una vitanzi vitatu. Unapitisha uzi katika viwili, kisha katika viwili vilivyobaki, na kitu kidogo kinasimama wima. Kaza kitanzi cha katikati. Umepata mwezi wa upana wa sarafu.

Mzunguko wa pili, fuma nguzo mbili katika kila moja, ziwe 24. Mzunguko wa tatu, weka mbili katika moja na moja katika inayofuata, ufike 36. Kila mzunguko unaongeza 12, si zaidi na si pungufu. Hapa ndipo wanaoanza wengi hukata tamaa, nami nataka kuwaambia kinachotokea. Ukiongeza chache, duara linajikusanya na kuwa bakuli. Ukiongeza nyingi, ukingo unapiga mawimbi kama jani la sukumawiki. Mawimbi hayo yana heshima yake: mwaka 1997 mwanahisabati wa Latvia, Daina Taimina, akiwa Chuo Kikuu cha Cornell, aliyafuma kwa makusudi ili wanafunzi washike mkononi aina ya uso ambao wataalamu walikuwa wakihangaika kuuonyesha kwa karatasi. Kwa hiyo duara lako likipinda, usilitupe. Hesabu, fumua hadi mahali palipokosewa, endelea. Uzi wa kroshia una wema huo, kwamba mkononi mna kitanzi kimoja tu kilicho wazi. Ukivuta, kazi inarudi nyuma polepole na uzi unabaki mzima.

Mwezi mpevu umekamilika. Unaanza usiku. Unganisha uzi wa bluu na fuma nguzo tatutatu katika nafasi moja, ukiruka tatu za chini kila mara. Nguzo 36 zinakupa nafasi 12. Nafasi nne kati ya hizo ni za pembe, zikiachana kwa mbilimbili, na kila pembe inapata nguzo tatu, minyororo miwili, halafu nguzo tatu tena mahali palepale. Duara linashikwa katika sehemu nne na kuvutwa, na mbele ya macho yako linakuwa mraba. Nimefuma mamia. Mzunguko huo bado unanifanya nisogee kwenye mwanga ili nione vizuri. Kuanzia hapo kila mzunguko wa bluu ni usiku unaoongezeka, na unaacha unapotaka.

Huo ni mwezi wa siku ya kumi na nne, unaotoka baharini. Ufukwe wa Kawe unatazama mashariki, kwa hiyo jua linapozama nyuma yetu, mwezi mpevu unapanda kutoka majini, mkubwa na mwekundu kidogo, kisha unakuwa mweupe kadiri unavyopaa. Wavuvi wa dagaa wanaujua kwa hasara. Wao huvua usiku wa giza, wakiita samaki kwa taa, zamani karabai na leo taa za betri. Mbalamwezi ikimwagika bahari nzima, taa haina tena cha kumshawishi dagaa. Ndizo siku ambazo nyavu zinashonwa ufukweni. Siku hizohizo maji ni ya bamvu, yanajaa na kupwa kwa tofauti ya zaidi ya mita 3, na wanawake wanatembea mbali kwenye mwamba kutafuta pweza. Umeme ulipokatika usiku kama huo, Bibi hakuwasha koroboi. Alitoa kiti uani akaendelea kufuma.

Hilali hutokea upande mwingine kabisa. Huonekana jioni, juu ya vilima vya Makongo, na huzama upande wa bara. Kuifuma unaanza na minyororo kama 15. Ukirudi juu yake, fuma vifundo vifupi mwanzoni, virefu zaidi vikifuatia, nguzo mbilimbili katikati, kisha ushuke tena hadi vifupi mwishoni. Katikati panavimba, ncha mbili zinachongoka na kujikunja, bila wewe kuzilazimisha. Unaishona kwa sindano juu ya mraba wa bluu mtupu. Na hapo lipo swali la Bibi: utaiweka vipi?

Nilikuwa mtu mzima nilipoielewa sababu. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 tu kusini mwa ikweta. Kwetu jua halizami kwa kuteleza pembeni kama huko kaskazini ya mbali. Linashuka karibu wima. Mwezi mchanga unapoonekana, jua liko chini yake, linaumulika kutoka chini, na sehemu inayong'aa ni tumbo lake. Kuna miezi huinama kidogo upande mmoja, kutegemea majira, lakini kusimama kama ule wa karatasi yangu, hapana. Waliouchora hawakudanganya. Walichora mbingu yao. Mimi ndiye niliyekuwa chini ya mbingu nyingine, na nilikuwa nimeamini karatasi kuliko macho yangu.

Sasa ninafuma blanketi la mwezi mzima, miraba mitano kwa sita. Mwezi huchukua siku 29 na nusu hivi kutoka kuandama hadi kuandama, na ndiyo maana mwezi wa Kiislamu una siku 29 au 30, na ndiyo maana jioni ya tarehe 29 Ramadhani mtaa mzima unakuwa nje shingo juu. Miraba 29 nimeimaliza: hilali zinazonenepa, mpevu mmoja, kisha zinazokonda na kugeukia mashariki alfajiri, na mmoja wa bluu tupu. Wa thelathini nimeuacha wazi. Nitaufuma mwezi ambao utatimiza thelathini.

Nawe unayeanza, kabla hujashona hilali yako, subiri jioni ya pili baada ya mwezi kuandama. Toka nje dakika chache baada ya magharibi, utazame upande jua lilikozama, na uwe na mraba wako mkononi. Ugeuze mpaka ulingane. Usichelewe, hilali haikai sana, halafu inazama.